Mukaka Aliyekuja na Nyumba

Mwaka nilioumwa kifua, daktari wa Butembo aliniambia dawa atanipa, lakini dawa kubwa ni kushuka. Kwetu neno hilo halihitaji maelezo. Kushuka ni kwenda Beni. Butembo iko juu, ukungu wa asubuhi unaingia mpaka ndani ya maduka, na mimi nauza vitenge katika soko ambalo jua likichelewa kidogo tunapokea wateja tukiwa tumejifunika mabega kwa bidhaa yetu wenyewe. Beni iko chini kwenye joto, imeegemea msitu. Mume wangu ni msafirishaji, ana Fuso inayobeba mizigo kutoka mpaka wa Kasindi, basi safari moja alinipakia kando yake akaniacha huko, katika loji iliyo kando ya barabara kubwa.

Joto lilinifaa. Loji ndiyo iliyonishinda. Chini ilikuwa baa, na muziki ulianza wakati wa chakula cha mchana ukapiga ukuta hadi kitanda kikawa kinatetemeka. Mimi ni mwanamke Mwislamu, mke wa mtu, siwezi kukaa uani kati ya meza za bia. Nilijifungia chumbani wiki mbili nikikohoa na kufikiri. Nilifikiri juu ya watu wa Butembo walio kama mimi: wenye kifua kibaya, walimu waliochoka, maharusi wasio na pa kwenda baada ya sherehe, mapadri wanaotaka kusoma kimya. Wote hao wakishuka Beni wanalala juu ya baa. Nilipopona, nilikuwa tayari nimeshajenga nyumba kichwani: ndogo, safi, karibu na msitu, ambayo mtu anaikodi kwa siku chache, anapumzika, anarudi kwake.

Mume wangu aliponisikia aliniuliza ni nani atakayelipa ili akalale katika nyumba ya mtu mwingine, atazame miti. Nilimwambia mimi ningelipa. Akanyamaza, na kwa mume wangu kunyamaza ni nusu ya kukubali.

Mwanamke mwenzangu wa biashara, mwenyeji wa Beni, ndiye aliyetupeleka kuiona. Ilikuwa pembeni mwa komini ya Ruwenzori, pale avenyu inapochoka na kuwa njia ya miguu inayoingia katika mashamba ya kakao, halafu mto, halafu msitu wenyewe. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, manjanja, yale mabati ya paa, yamepakwa rangi ya kijani, na mbele barza pana inayotazama mto. Nilisimama pale barzani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, hewa imesafishwa, na mlima wa Ruwenzori ulikuwa wazi kabisa na theluji yake. Nilivuta pumzi ikashuka mpaka chini bila kukwama popote. Siku ile sikuona kitu kingine. Laiti ningezunguka nyuma ya nyumba nikatazama vizuri, lakini nani anazunguka nyuma wakati mlima uko mbele?

Wauzaji walikuwa ndugu wawili, mmoja anaishi Kampala, mwingine Bunia. Baba yao alikuwa amefariki miaka kadhaa. Mama yao, mwanamke mzee mwembamba, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni akichambua maharagi. Kila walipomtaja walisema mukaka, yaani bibi, kama vile watoto wao walivyomwita, na sisi tukachukua jina hilo hilo. Yule wa Kampala alitueleza kwamba mambo yote yamepangwa, mukaka atapanda kwenda Kipese, milimani, kwa mdogo wake ambaye ana shamba kubwa na nyumba yenye nafasi. Mukaka alitikisa kichwa kukubali. Alitupikia ndizi. Siku ya kuandikishana kwa shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa, alitia kidole gumba kwenye karatasi bila mtu kumlazimisha, kisha akajifuta wino kwenye kitenge chake na kuniuliza kama mimi nina watoto wangapi.

Wanawe waliondoka kesho yake, kila mmoja na njia yake. Nilipofika na fundi wa rangi, mukaka alikuwa bado kwenye kigoda kile kile.

"Mama," aliniambia, "muniachie kwanza nivune maharagi yangu. Kisha nitaenda."

Maharagi yalikuwa yameanza kutoa maua. Nani angesema hapana? Nilimwambia avune kwa nafasi yake. Tulikubaliana alale katika kile chumba kidogo kilichoungana na jiko la nje, ili nyumba kubwa ibaki kwa wageni. Akavuna. Niliposhuka tena, nikitarajia kumkuta amefunga vitu vyake, nilikuta bustani imelimwa upya na mistari ya kijani imeshachomoza. Alinieleza kwamba udongo ulikuwa unakaa bure, akauonea huruma. Na mtu hawezi kupanda akaondoka, akaacha watu wengine wale jasho lake. Nilirudi Butembo nikamweleza mume wangu. Alicheka mpaka akaweka chini kikombe cha chai, akasema kwamba mwanamke huyu hatamaliza kuvuna mpaka sisi tuwe tumezeeka.

Wageni wa kwanza walikuwa maharusi kutoka Butembo. Nilikuwa nimewawekea mashuka mapya, vyandarua vyeupe, vikombe visivyo na ufa. Niliogopa mukaka atawasumbua. Kumbe asubuhi ya kwanza aliwagongea mlango na sufuria ya uji, akawauliza wamelala vipi, halafu akamwita bwana harusi pembeni na kumwambia kwamba mwanamke asiyecheka asubuhi ya kwanza anahitaji kutembezwa. Akawatembeza yeye mwenyewe mpaka mtoni. Waliporudi Butembo walikuja sokoni kwangu kunishukuru, na hawakusema chochote juu ya vyandarua wala vikombe. Walisema juu ya mukaka. Baada yao alikuja mwalimu na mke wake, halafu padri mmoja mzee, halafu familia ya mfanyabiashara wa kahawa, na kila mtu aliyepiga simu kutaka nyumba aliuliza kwanza kama mukaka yuko.

Jambo moja tu lilimsumbua mume wangu kweli. Mukaka alikuwa anatengeneza kasiksi, ile pombe ya ndizi, na kuiuza kwa wapita njia waliotoka mashambani. Mume wangu alisema anaweza kuvumilia mengi, lakini parcelle, kiwanja cha mtu anayeswali, haiwezi kuwa na mitungi ya pombe. Alikwenda kumweleza kwa heshima. Mukaka alisikiliza, akakubali kila neno, akamshukuru kwa Kinande, "wasingya, wasingya," akahamishia mitungi kwa jirani. Tangu siku hiyo, honi ya Fuso ikilia kule barabarani, mitungi ilikuwa kwa jirani. Fuso ikiondoka, mitungi ilirudi. Mume wangu alijua. Alianza kupiga honi mapema zaidi, akiwa mbali, na hakunieleza kwa nini.

Hata hivyo nyumba ilikuwa imenunuliwa, na maneno ya wanawe yalikuwa maneno. Msimu mmoja wa kiangazi tulijipa moyo. Mume wangu alikuwa na safari ya kwenda Lubero, tukamwambia mukaka kwamba atafikishwa Kipese bila kulipa kitu. Hakubisha. Alifunga mkeka wake, sufuria mbili na rozari, akapanda mbele ya gari kama abiria anayejua anakokwenda. Mume wangu alimfikisha mpaka mlangoni pa mdogo wake, akanywa maziwa huko, akarudi ameridhika. Wiki iliyofuata nilikuwa Beni na wageni wawili wa kutoka Butembo, mtu na mke wake wa makamo, tumekaa barzani. Lori la kabichi likasimama pale avenyu inapoishia. Mukaka akashushwa na makanga, amejifunga kichwa kwa sweta, na mfuko wa viazi ukashushwa nyuma yake.

Alisema Kipese kuna baridi, na mdogo wake anakoroma. Akapita kati yetu, akawasalimu wageni, akaenda kuwasha moto. Wageni waliniuliza ni nani. Nilitaka kusema ni mwenye nyumba wa zamani, nikashindwa kupanga maneno, nikasema ni mama yetu. Niliwapigia simu wanawe. Wa Bunia hakupokea. Wa Kampala aliomba radhi sana, akasema mama yao tangu zamani yuko hivyo, akaniomba nivumilie kidogo wakati yeye anatafuta njia nyingine. Sijui kama alitafuta.

Nilivumilia, na kwa kweli nilikuwa nimeanza kuzoea. Nilimletea kitenge kila niliposhuka. Alivipokea, akavikunja, akaendelea kuvaa kile cha zamani.

Kisha barabara ikaharibika. Sisemi mashimo, mashimo tumezaliwa nayo. Wale watu wenye silaha wa msituni ambao kwa muda walikuwa wametulia, au tulijidanganya kwamba wametulia, walianza tena kuua watu mashambani, kwanza mbali, upande wa Mbau, halafu karibu zaidi. Wakulima wa kakao waliacha kuvuka mto. Ukisimama barzani mchana ulisikia mlio kutoka ng'ambo, na kila mtu aliyeusikia alisema ni wakata mbao, huku akiingia ndani. Watu wa Butembo wakaacha kupiga simu. Mwalimu mmoja aliyekuwa ameshalipa aliniambia nikae tu na pesa yake, siku moja atakuja. Mume wangu aliendelea na safari zake, kwa sababu gari lisipotembea hatuli, lakini sasa alikuwa anaondoka na msururu wa magari yenye askari mbele na nyuma, na mimi nilikuwa nakaa sokoni nikipima vitenge vya watu huku sikio liko kwenye simu.

Shefu wa kartie alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wa chini, karibu na mto, wapande mjini. Majirani wakaanza kuhama. Hata yule aliyekuwa anatunza mitungi alifunga mlango akaenda kwa dada yake katikati ya mji. Mukaka alibaki. Nilimpigia simu, akaniambia maharagi yanaendelea vizuri. Nilimpigia tena, akaniuliza kifua changu kikoje. Basi nikashuka mwenyewe, mume wangu akinigombeza njia nzima kutoka Butembo mpaka Beni, na bado alinipeleka.

Tulimkuta anapalilia. Mume wangu alibaki kwenye gari, injini inanguruma. Nilimweleza mukaka kwamba hatumpeleki Kipese, tunampeleka kwetu Butembo, nyumbani kwangu, atakuwa na chumba chake. Nilimwambia kwamba hapa si mahali pa mtu kuwa peke yake. Alisikiliza hadi mwisho, ameegemea jembe.

"Nikienda," alisema, "bwana yangu nitamuachia nani?"

Nilidhani amechanganyikiwa. Niliuliza bwana gani. Akanishika mkono wa nguo akanipeleka nyuma ya jiko, kwenye migomba. Kati ya mashina palikuwa na rundo la mawe ambayo mimi nilikuwa nimeyaona mara nyingi. Nilidhani ni mabaki ya ujenzi. Nilikuwa nimeshamwambia fundi kwamba tukipata nafasi ayatoe, atutengenezee ngazi ya barza.

"Eko pale," alisema mukaka. "Batoto baliuzisha nyumba. Yeye habakumuuzisha."

Nilisimama nikiyatazama yale mawe. Hakuna aliyetuambia siku ya kununua, wala wanawe, wala shefu wa kartie, wala yule mwenzangu aliyetuleta. Nilimwuliza mukaka kwa nini yeye mwenyewe hakusema. Alijibu kwamba hakuna mtu aliyemwuliza. Halafu akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kama ningejua nisingenunua, na wanawe walikuwa na shida ya pesa.

Mume wangu alipiga honi. Nilijaribu tena, nikamwambia marehemu hawezi kupenda yeye afe ovyo. Alikubali kwamba hilo ni kweli. Nikamwambia basi twende. Akasema hapana. Nilifikiria kumwita mume wangu tumbebe, alikuwa mwepesi kama fungu la kuni, tungemweka garini na kufunga mlango. Nilimtazama mikono yake na lile jembe, nikajua sitafanya hivyo, na nikajua pia kwamba likimpata jambo nitajiuliza kwa nini sikufanya. Nilimwachia sukari, chumvi, sabuni, na funguo zote za nyumba kubwa, nikamwambia alale ndani, ajifungie, asilale tena kule jikoni. Garini nililia. Tulipofika Maboya mume wangu alisema tu kwamba mabomba ya injini yanapata joto.

Baada ya wiki chache mukaka alinipigia simu yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa sababu aliamini simu inakula pesa ya yule anayeanza.

"Mama, bageni bamefika."

Nilidhani kumetulia, nilidhani ni yule mwalimu.

"Bageni gani, mukaka?"

"Batu ba upande wa Mbau. Bako na batoto na magodoro. Nilibafungulia."

Nyuma yake nilisikia mtoto analia na mtu anapasua kuni. Niliuliza wako wangapi. Alisema hakuwahesabu, watu hawahesabiwi kama mbuzi, lakini vyumba vimejaa na wengine wako barzani. Akaniuliza kama yale mashuka meupe ya kabatini anaweza kuyatumia, kwa sababu kuna mwanamke amejifungua njiani.

Nilikuwa nimesimama sokoni na mita yangu mkononi, mteja mbele yangu anasubiri. Ningesema nini? Kwamba mashuka yale ni ya maharusi? Nilisema atumie. Nikasema atumie kila kitu. Nilipokata simu mteja aliniuliza kama kuna habari mbaya, nikamwambia hapana, ni wageni wamefika tu nyumbani.

Nilishuka mwezi uliofuata, siku ambayo magari yaliruhusiwa. Nilikuta moshi unatoka katika vyumba vya kulala, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na walikuwa wanapikia ndani. Ukuta niliouchagulia rangi ulikuwa mweusi. Vyandarua vilikuwa vimeshonwa kuwa mapazia ya kutenganisha familia moja na nyingine. Mbao za kitanda kimoja zilikuwa zimekwenda motoni. Sikuwa na hasira, na hilo lilinishangaza, maana nilikuwa nimejiandaa kuwa nayo. Watu walisimama nilipoingia. Mwanamke mmoja, ambaye baadaye nilijua ndiye aliyejifungua njiani, aliniletea kiti changu mwenyewe nikae. Wanaume wawili walinieleza kwamba hawatakaa sana, watarudi kwao mambo yakitulia, na wote tuliokuwa pale tukatazama chini, kwa sababu hakuna aliyejua kutulia maana yake ni lini. Niliwaambia wakae. Kama ningesema waondoke, wangeenda wapi? Na mimi ningesimama wapi nikisema neno hilo?

Mukaka alikuwa ametulia kuliko nilivyowahi kumwona. Alikuwa anagawa chumvi kwa kijiko. Aliniambia kwamba nyumba ilijengwa kwa ajili ya watu, na miaka ile ya mwisho ilikuwa inamtisha kwa ukimya. Nilimkumbusha kwamba mimi pia niliwaleta watu. Alicheka akasema ndiyo, lakini wale wangu walikuwa wanakuja kupumzika, hawakuwa na haja na yeye.

Mume wangu alitazama kuta, akatoka, akakaa garini muda mrefu. Kisha akashusha magunia mawili ya unga ambayo yalikuwa mali ya mteja wake wa Butembo. Sikumwuliza atamweleza nini.

Mukaka hakuuawa na mtu. Nasema hivi kwa sababu kila ninapomtaja watu wanainamisha kichwa wakisubiri habari ya aina hiyo. Alishikwa na malaria ya kawaida, katika majira ya mvua, akaificha siku kadhaa, na wale waliokuwa naye walipombeba kwenda kituo cha afya dawa zilikuwa zimekwisha. Walimbeba tena mpaka hospitali ya mjini. Mwanamke yule wa mtoto alinipigia simu asubuhi, mimi nikapiga Kampala na Bunia, na jioni ile ile alipiga tena kusema amekwisha. Barabara ya Butembo ilikuwa imefungwa siku hiyo. Niliweza kuondoka siku ya pili, nimekaa mbele ya lori la mtu nisiyemjua, katikati ya msururu, sina hata machozi.

Mtoto wa Kampala alikuwa amefika Kasindi na kukwama hapo, magari ya kwenda Beni hayakuachiliwa. Mtoto wa Bunia hakuweza hata kuanza safari. Yule wa Kampala alinipigia simu. Nilisikia kwanza kelele za mpakani. Halafu akasema kwamba anajua nyumba si yao tena, na hana haki ya kuomba, lakini mama alitaka alale karibu na baba.

Nilimwambia kaburi limeshachimbwa. Ilikuwa kweli. Wanaume wa Mbau walikuwa wameanza kuchimba kati ya migomba tangu asubuhi bila kumwuliza mtu yeyote, kwa sababu mukaka alikuwa amewaonyesha mahali.

Katekista alikuja, padri hakuweza kushuka. Tulikuwa wengi, wengi zaidi ya nilivyotarajia, na karibu wote walikuwa watu waliomjua kwa miezi michache tu. Mume wangu alifika akiwa na vumbi la Kasindi mwilini, alikuwa amepita kabla njia haijafungwa, na magari yalipozuiwa nje ya mji akatembea kwa miguu. Alivua viatu, akasimama na wale wanaume, akachukua jembe zamu yake ilipofika. Kabla ya kushusha sanduku, katekista aliuliza familia iko wapi, isogee mbele. Hakuna aliyesogea. Kisha nikaona kwamba watu wamegeuka na wananitazama mimi. Nilitaka kueleza kwamba mimi nilinunua tu nyumba. Nilisogea. Sikujua sala zao, basi nilisimama kimya nikiomba zangu moyoni, na katekista aliponipa udongo nikautupa kwa mkono wa kulia kama nilivyoona wengine wanafanya.

Baada ya mazishi yule mwanamke wa mtoto alinikabidhi funguo, zimefungwa kwenye kona ya kitenge kimojawapo nilichomletea mukaka. Hakuwahi kukivaa. Nilishika funguo zile kidogo, halafu nikamrudishia. Alisema mimi ndiye mwenye nyumba, hawezi kukaa nazo. Nilimwuliza nikizipeleka Butembo zitafungua nini huko. Akazipokea.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Nyumba bado ni yangu kwenye karatasi. Kupangisha siwezi, kuuza siwezi, maana nani atanunua nyumba yenye makaburi mawili nyuma na familia za watu ndani, mbele ya msitu ule? Kuna watu wazuri wanaonishauri. Mmoja ananiambia nipeleke mashitaka. Mwingine ananiambia nisubiri amani. Mtoto wa Kampala hupiga simu mara moja moja, na mara ya mwisho aliniomba ruhusa aje siku moja asimentie, ajengee kwa saruji, makaburi ya wazazi wake. Nilimwambia aje wakati wowote, haihitaji ruhusa. Alinishukuru sana, nikaona aibu, ingawa sijui ni aibu ya nini.

Juzi upepo uling'oa manjanja ya upande wa mto. Waliniambia kwa simu kwamba wamehamisha watoto chumba cha katikati na wameweka sufuria zote sakafuni. Mume wangu alikuwa na safari ya Beni. Nilinunua manjanja mapya dukani kwa jirani yangu, mazito, ya kudumu, na misumari yake, nikayapakia mimi mwenyewe nyuma ya Fuso. Jirani aliniuliza kama nimeanza tena kupokea wageni kule chini. Nilimwambia bado. Kisha nikarudi dukani kwangu kwa sababu kulikuwa na wateja, na hapa kwetu juu mvua ilikuwa imeanza.